Ajali Kazini Penye Mafuta: Njia Ipi ya Uchunguzi Itakufikisha Mbali Zaidi ya "Uzembe"

Wasimamizi wa vituo vya mafuta Bukoba huniuliza. Wawakilishi wa usalama walio kwa wakandarasi wa bomba upande wa Muleba huniuliza. Siku hizi hata vijana waliopata kibarua juzi tu wanauliza: ajali imetokea, bosi anataka ripoti, nichunguze kwa njia gani? Wapo wanaoniambia, "Semina ilitufundisha Kwa Nini Tano, lakini mkandarasi mkuu anadai Tripod. Ipi ni sahihi?"

Hakuna njia inayofaa kwa kila ajali. Kipimo cha kuzipima zote, hata hivyo, ni kimoja. Njia nzuri hukufikisha kwenye jambo ambalo mwenye mamlaka anaweza kulibadilisha kabla zamu nyingine haijaumia. Ikiishia kwa aliyeungua mkono, ukaandika "mfanyakazi alikuwa mzembe" ukafunga faili, ajali ile ile itarudi, na atakayeumia safari hiyo ni mwingine.

Kwa nini Kagera, kwa nini sasa

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko Tanzania. Linaingia nchini kupitia Missenyi, hapa Kagera, kisha linapita Bukoba Vijijini, Muleba na Biharamulo. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba hilo la inchi 24 limevikwa tabaka la kuhifadhi joto na litapashwa moto njia nzima. Kazi za namna hiyo zimewaingiza watu wetu kwenye hatari ambazo wazazi wao hawakuzijua: mitaro mirefu, mashine za kunyanyua vipande vya bomba, uchomeleaji, mionzi ya kukagulia viungio, maji yenye shinikizo kubwa.

Mafuta yenyewe si mageni kwetu. Malori ya matangi yanapita kila siku kuelekea Mutukula, sheli zimepangana kando ya barabara, na madumu ya petroli hushuka mwaloni kwa ajili ya injini za boti za visiwani. Nimeandika nikiwafikiria wote hao, kuanzia msimamizi wa kambi ya mkandarasi hadi mwenye sheli ya pampu mbili.

Kabla ya kuchagua njia, okoa ushahidi

Watu hugombania njia huku ushahidi unasombwa na maji. Mvua ya Bukoba haisubiri kikao. Baada ya majeruhi kupelekwa hospitali na moto kuzimwa kabisa, fanya haya kwa mpangilio huu:

1. Zuia eneo. Zungushia kamba, weka mtu wa kulinda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutulia mashimoni, kwa hiyo usimruhusu mtu kuingia na simu, sigara wala tochi ya kawaida mpaka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lithibitishe kuwa ni salama. Namba yao ya dharura ni 114.
2. Piga picha kabla ya kuosha. Anza mbali, kisha sogea karibu. Weka rula au hata kalamu pembeni ya kitu ili ukubwa wake uonekane.
3. Chukua karatasi kabla hazijapotea: hati ya kupokelea mafuta, daftari la vipimo vya tangi, ratiba ya zamu, hati ya ruhusa ya kazi, mahudhurio ya kikao cha usalama cha asubuhi.
4. Nakili picha za kamera siku hiyo hiyo. Kamera nyingi hufuta za zamani zenyewe.
5. Andika hali ya hewa, saa, mwanga, na nani alisimama wapi. Chora ramani kwa mkono, inatosha.
6. Zungumza na mashahidi mmoja mmoja. Ukiwakusanya kumi chumbani utatoka na maelezo ya mwenye sauti kubwa.

Hilo la mashahidi lina mambo yake. Usianze na "kwa nini hukuvaa glavu?" Anza na "nieleze siku yako tangu ulipofika kazini", kisha nyamaza. Mzee aliyekuwa akichimba mtaro akitaka kusimulia kwa Kihaya, msikilize kwa Kihaya, andika maneno yake, halafu umsomee tafsiri akubali au akatae. Majeruhi mwenye maumivu makali au aliyepewa dawa nzito asihojiwe kitandani. Mpe siku, atakueleza vizuri zaidi.

Tukio moja, majibu mawili

Chukua mfano huu wa kubuni, ingawa kila aliyefanya kazi sheli ataufahamu. Alfajiri, kwenye kituo kando ya barabara ya Kemondo, mhudumu wa pampu anajaza petroli kwenye dumu la njano la lita 20, lile la mafuta ya kupikia. Dumu limefungwa kwenye keria ya bodaboda. Moto unalipuka mdomoni mwa dumu, mhudumu anaungua mikono na kifua.

Mchunguzi wa kwanza anatumia Kwa Nini Tano:

- Kwa nini aliungua? Mvuke wa petroli uliwaka.
- Kwa nini uliwaka? Cheche ya umeme tuli ilitokea kati ya nozeli na dumu.
- Kwa nini cheche ilitokea? Dumu lilikuwa juu ya keria badala ya kuwa chini sakafuni.
- Kwa nini halikushushwa? Mhudumu hakufuata maelekezo.
- Kwa nini hakufuata? Mzembe.

Pendekezo: apewe barua ya onyo.

Mchunguzi wa pili anatumia njia hiyo hiyo, ila kwenye swali la nne anakwenda kuwauliza wahudumu wenzake. Anaambiwa madumu ya wavuvi huja kwa wingi alfajiri, kila mmoja anawahi boti, na zamu hiyo ina mhudumu mmoja. Kwa nini mmoja? Ratiba ilipangwa kwa kuhesabu magari, madumu hayakuhesabiwa. Pendekezo: mhudumu wa pili alfajiri, na sehemu maalumu ya madumu sakafuni ambako pampu haiwashwi mpaka dumu limeshushwa.

Njia ni ile ile, ajali ni ile ile, majibu yametengana kama mbingu na ardhi. Kwa hiyo ukiambiwa "tumetumia Kwa Nini Tano", bado hujaambiwa lolote. Njia hii, iliyotokana na viwanda vya Toyota kule Japani, hufuata mstari mmoja na husimama pale muulizaji anapochoka au anapoogopa kuendelea. Itumie kwa matukio madogo na kwa ajali zilizonusurika, ukiwa na sharti moja: jibu lolote linalotaja tabia ya mtu haliwezi kuwa jibu la mwisho.

Njia nyingine na mahali pake

*Mpangilio wa matukio.* Chora mstari wa muda ukutani, bandika karatasi ndogo kwa kila tukio: nani, alifanya nini, saa ngapi, umejuaje. Karatasi isiyo na "umejuaje" iweke pembeni. Hii si hiari. Njia zote zinazofuata hujengwa juu yake, na nimeona uchunguzi mwingi ukikamilika hapa hapa, kwa kuwa pengo la dakika 20 ambalo hakuna anayeweza kulieleza ndilo lilikuwa na jibu.

*Mfupa wa Samaki.* Ni mchoro wa Kaoru Ishikawa, wenye matawi ya watu, vifaa, mbinu, mazingira na kadhalika. Unafaa kwenye kikao cha wafanyakazi, kwani unamfanya kila mtu aseme. Udhaifu wake ni kwamba hujaza ukuta kwa dhana bila kukulazimisha uzithibitishe. Utumie kukusanya maswali, usiuandike kama majibu.

*Uchambuzi wa vizuizi.* Kwa sheli na wakandarasi wadogo, hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Orodhesha kila kitu kilichopaswa kusimama kati ya hatari na mtu, kisha kila kimoja ukiulize maswali matatu: kilikuwepo, kilitumika, kilifanya kazi? Tuurudie mfano wa dumu:

- Dumu kushushwa chini: maelekezo yalikuwepo, hayakutumika.
- Dumu linalofaa petroli: halikuwepo, na hakuna aliyewahi kumkatalia mteja.
- Swichi ya dharura ya kuzima pampu: ilikuwepo ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa kwa funguo.
- Mtungi wa kuzimia moto: ulikuwepo, ila haukuwa umekaguliwa.
- Ndoo ya mchanga: ilikuwepo, imegeuzwa pipa la taka.
- Nguo za kazi: sare ya nailoni, inayoyeyuka na kugandia ngozini.

Tazama orodha hiyo. Barua ya onyo ingeshughulikia kizuizi kimoja tu kati ya sita. Vitano vilivyobaki viko mikononi mwa mwenye kituo.

*Mti wa Hitilafu.* Ulibuniwa Marekani katika maabara za Bell mwaka 1962 kwa ajili ya mitambo ya makombora. Unaanza na tukio baya juu, unashuka ukiuliza ni hitilafu zipi lazima zikutane ili litokee. Ni mzuri kwa vifaa: vali ya usalama iliyokataa kufunguka wakati bomba linapimwa kwa maji, winchi iliyoachia mzigo. Unadai mhandisi anayekijua kifaa, na hauzungumzi vizuri kuhusu uchovu wala hofu ya kumkatalia bosi.

*Tripod Beta.* Ilikua kutokana na utafiti ambao vyuo vikuu vya Leiden na Manchester vilifanya kwa ajili ya kampuni ya Shell. Inauliza kizuizi kipi kilivunjika, nani alifanya nini kikavunjika, mazingira gani yalimsukuma, na uamuzi gani wa kampuni ulizaa mazingira hayo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: haikuruhusu kuishia kwa mtu wa chini. Gharama yake ni mafunzo na muda. Usiifanye kwa kubahatisha baada ya kutazama video moja.

*AcciMap.* Ni kazi ya Jens Rasmussen wa Denmark, 1997. Inachora ngazi zote kwenye ukurasa mmoja: vifaa, wafanyakazi, wasimamizi, kampuni, wadhibiti, serikali. Ni ya ajali kubwa zinazogusa taasisi nyingi.

Mwaka 2004 Mnorwe Snorre Sklet alichapisha ulinganisho wa njia za namna hii, akipima pamoja na mambo mengine kila moja inafika ngazi ipi kati ya hizo. Ushauri uliotoka huko ndio ninaoufuata hadi leo: kwa ajali kubwa changanya njia, kwa kuwa hakuna inayoona ngazi zote peke yake.

Maswali ya kuipima njia yoyote

Ukiletewa njia mpya, iwe na mkandarasi mkuu, mshauri kutoka Dar es Salaam au programu ya kompyuta, iulize:

- Inatenganisha kilichothibitishwa na kinachodhaniwa?
- Inapanda hadi kwa aliyepanga zamu, aliyeandika mkataba na aliyekata bajeti?
- Timu mbili zikipewa ushahidi ule ule zitafika karibu na jibu moja?
- Watu wako wanaweza kuifanya, au ukiondoka wewe inakufa?
- Inatoa mapendekezo yanayokaguliwa, yenye jina la mtu na tarehe?
- Shahidi aliyeishia darasa la saba anaweza kuusoma mchoro wake kwa Kiswahili na kusema "hapa mmekosea"?

Swali la mwisho wengi hulipuuza. Mimi huliweka juu kuliko yote, kwa sababu ripoti ambayo aliyekuwepo hawezi kuisahihisha ni ripoti ya watu ambao hawakuwepo.

Ipi kwa tukio lipi

Aliyeteleza, aliyekatwa kidogo, mafuta yaliyomwagika yakadhibitiwa: mpangilio wa matukio na Kwa Nini Tano, nusu siku. Mtu amelazwa, moto umewaka, mtaro umeporomoka bila kufukia mtu: mpangilio wa matukio na uchambuzi wa vizuizi, timu ya watu watatu, mmoja awe mfanyakazi wa kawaida. Kifo, mlipuko, au tukio ambalo lingeweza kuua wengi hata kama halikumgusa yeyote: ongeza Tripod au AcciMap, na Mti wa Hitilafu kama kuna kifaa kilichokataa. Hapo tafuta msaada wa nje.

Angalia maneno "lingeweza kuua". Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Ukuta wa mtaro ukianguka wakati vibarua wamekwenda kula, hakuna aliyeumia, na hiyo ni ajali kubwa. Ichunguze kama kubwa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Kuhesabu majeraha madogo na kudhani hatari kubwa imelala.* Kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP, Texas City, kililipuka tarehe 23 Machi 2005, kikaua watu 15. Waliochunguza waliona kwamba takwimu nzuri za majeraha ya mtu mmoja mmoja ziliwatuliza wakubwa huku mitambo ikichakaa. Ubao wa langoni ukisema "siku 300 bila ajali", uliza vali zilikaguliwa lini.

*Kusahau makabidhiano ya zamu.* Kwenye mtambo wa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu ilikuwa na vali iliyoondolewa kwa matengenezo. Zamu ya usiku haikujua, ikaiwasha. Watu 167 walikufa. Uchunguzi wa Jaji Cullen ulitoa mapendekezo 106, na baadhi yalihusu namna hati za ruhusa ya kazi zinavyopita kutoka mkono hadi mkono. Kila ukichunguza, soma kilichoandikwa wakati zamu ilipobadilika. Kama hakikuandikwa chochote, umeshapata jambo.

*Kupendekeza "elimu itolewe" na kuishia hapo.* Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta liliwaka Sachangwan, Kenya. Tarehe 2 Julai 2010 lingine Sange, mashariki ya Kongo. Tarehe 10 Agosti 2019 Msamvu, Morogoro. Kila mahali lori lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na waliokufa wakazidi mia. Onyo la "msikaribie" limetolewa baada ya kila moja. Mchunguzi makini anauliza mambo mengine: dereva alikuwa na saa ngapi barabarani, nani alipaswa kulizuia eneo, alifika baada ya dakika ngapi, na kwenye kona za barabara ya kwetu kuelekea Mutukula nani atafika kwanza? Swali hilo linaweza kujibiwa leo, kabla lori halijaanguka.

*Kumpa msimamizi wa eneo hilo hilo aongoze uchunguzi.* Atoe ushahidi, asishike kalamu.

Najua utasema...

*"Lakini huyu kweli alikuwa mzembe."* Huenda. Basi jiulize: ukimwondoa ukaweka mwingine kwenye zamu ile, na foleni ile, na dumu lile, hatari imeondoka? Kama haijaondoka, hujamaliza.

*"Mashahidi wanaogopa kufukuzwa."* Wana sababu ya kuogopa. Mwombe mwajiri atangaze kwa maandishi, kabla ya mahojiano, kwamba maelezo hayatatumika kwa nidhamu. Wakazi wa Bukoba walishuhudia ndege ya Precision Air ikitumbukia ziwani tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 wakapoteza maisha. Uchunguzi wa ajali za ndege duniani hufuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kinachosema lengo pekee ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Sheli nayo inaweza kujiwekea kanuni hiyo. Mwajiri akikataa, andika kwenye ripoti kwamba amekataa.

*"Polisi wameshachunguza."* Polisi wanatafuta kosa la jinai. Wewe unatafuta mtungi ambao haukukaguliwa. Kazi ni mbili.

*"Mimi ni wa mkandarasi mdogo, bomba si langu."* Mtaro ulioporomoka ulichimbwa na kijiko chako na vibarua wako. Chunguza sehemu yako, kisha omba kwa maandishi karatasi za mkandarasi mkuu: ratiba, vipimo vya udongo, amri ya kuendelea baada ya mvua.

Upande wa sheria, kwa ufupi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri aitaarifu OSHA ajali zinapotokea. Usisubiri ripoti yako ikamilike, toa taarifa mara moja. Kwa upande wa vituo na usafirishaji wa mafuta, EWURA ndiyo mdhibiti, nayo ijulishwe. Na aliyeumia ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Fidia hii haisubiri ithibitishwe kwamba mwajiri ana kosa, lakini dai linapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi asidhani hahusiki. Atunze jina la msimamizi, siku alizofanya kazi, ujumbe wa malipo kwenye simu na karatasi za hospitali, iwe ni ya Bukoba, Ndolage au Rubya.

Ripoti ikishaandikwa

Ipeleke kwa mwajiri, kisha irudishe kwa zamu iliyoumia. Wasomee mapendekezo kwa sauti, kwa Kiswahili, pamoja na jina la atakayeyatekeleza na tarehe. Weka siku ya kurudi kukagua, na ukirudi usiulize kama swichi ya dharura imehamishwa kutoka ofisini. Nenda uibonyeze uone kama pampu inazima. Wewe uliye mwakilishi wa usalama kwenye kambi au sheli, anza na ajali ya mwisho iliyotokea kwako: fungua faili lake wiki hii, na kama limefungwa kwa neno "uzembe", lifungue upya.